Herufi Mbili na Kizimba cha Nyamizi

Hapo zamani, na zamani yenyewe msiipeleke mbali, kwani simu zilikuwapo na vifurushi viliisha kabla ya wakati kama vinavyoisha leo, palikuwa na mji uitwao Tusemezane. Sogeeni karibu. Hadithi hii siisimulii kumbembeleza mtu alale. Imenikaa kooni, na nataka mnisaidie kuitoa.

Katika mji huo alikuwako mwanamke aitwaye Nyamizi, muuza kisamvu, kiziwi tangu kuzaliwa. Kizimba chake kilikuwa kwenye kona ya soko, karibu na mlango wa nyuma. Aliachiwa na mama yake, na mama yake aliachiwa na mama yake. Kila asubuhi Nyamizi alisimamisha kinu pale akatwanga. Du! Du! Du! Soko zima lilimsikia. Wateja wageni walielekezwa hivi: fuata mlio wa kinu, ukikoma, umefika. Mtu pekee ambaye hakuwahi kuusikia mlio wa kinu cha Nyamizi alikuwa Nyamizi.

Basi soko lile likachakaa, likabomolewa, likajengwa jipya. Wenye vizimba wakaambiwa: rudini nyumbani, mtaitwa, na kila mtu atapewa mahali pake palepale. Wakarudi nyumbani. Wakangoja kuitwa.

Mwenyekiti wa soko, Bwana Lubango, alikuwa mtu wa maendeleo. Akasema, "Kubandika karatasi ukutani ni mambo ya kizamani. Sisi tutatangaza kwa video, kwenye tovuti ya soko." Akavaa suti, akasimama mbele ya vizimba vipya, akazungumza. Alisema hivi: "Jumamosi asubuhi kila mwenye kizimba cha zamani aje asimame mbele ya kizimba chake kipya, akabidhiwe ufunguo. Asiyetokea, kizimba atapewa mwingine." Na kwa kuwa alijua sokoni kuna viziwi, akaagiza video iwekewe manukuu, yaani maneno yanayoandikwa chini ya picha. Tena akaagiza yawe ya lugha mbili, Kiswahili na Kiswidi, kwa sababu soko lilijengwa kwa mchango wa marafiki kutoka Uswidi, na nao walitaka kuona kazi ilipofikia. Hapo nampa haki yake. Wenyeviti wangapi wanakumbuka viziwi?

Kazi ya manukuu akapewa Hidaya, binti mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala. Hidaya alisikiliza video, akarudia, akasikiliza tena, akaandika kila neno bila kuacha hata kikohozi cha mwenyekiti. Halafu hakuyaweka pembeni, aliyafungia ndani ya faili la video lenyewe, kama tepe mbili: utepe wa Kiswahili na utepe wa Kiswidi. Kila utepe akaupa jina lake kwa kirefu, Kiswahili, Kiswidi. Na kwa kuwa faili la namna hiyo linadai pia alama ya lugha ya herufi tatu, akaweka alama: Kiswahili ni swa, Kiswidi ni swe.

Upi uwe wa kwanza? Hidaya alilelewa vizuri. Nyumbani kwao mgeni ndiye anayenawishwa mikono kwanza, mgeni ndiye anayepakuliwa kwanza, na wenyeji hula kilichobaki huku wakimshukuru kwa kuja. Akaweka Kiswidi mbele na Kiswahili nyuma. Adabu ilimtuma, nani atamlaumu?

Mlionielewa hapo, twende. Ambao hamkunielewa, nawaeleza kwa mfano wa chakula. Faili la video ni sufuria iliyofunikwa. Ndani mna picha, mna sauti, mna maneno. Kivinjari, ile programu ya kwenye simu unayofungulia tovuti, ndicho kinachofunua sufuria. Na skripti, yale maagizo anayoyaandika fundi wa tovuti, ndiyo inayosema: mpakulie mtu huyu hiki, yule mpakulie kile. Lakini skripti haioni ndani ya sufuria! Inajua tu yale ambayo kivinjari kimeamua kuiambia. Kikisema mna nyama, ni nyama. Kikinyamaza, hamna kitu.

Skripti ya tovuti ya soko iliandikwa na kijana mahiri, Erasto, mwenye chumba cha ufundi wa kompyuta. Na hapa ndipo hasira yangu inapoanza kupanda, maana Erasto alikuta vivinjari vinasema kila kimoja na lugha yake. Kimoja kikikuta alama swa ndani ya faili, kinaigeuza na kuiambia skripti: huu ni sw, kwa sababu kwenye kurasa za mtandao Kiswahili huandikwa kwa herufi mbili, na swe ya Kiswidi kinaigeuza sv. Kingine hakigeuzi, kinasema swa vilevile kilivyoikuta. Wenye vivinjari hukaa vikao juu ya jambo hili, wanakunywa chai, wanakubaliana, halafu kila mmoja anarudi kwake kufanya alivyozoea. Erasto afanyeje? Akaamua: herufi zikija tatu, nakata, nabakiza mbili za mwanzo. Utepe wa kwanza wenye sw, huo ndio Kiswahili, uonyeshe.

Mmeshaona? Wewe umeshaona, nakuona umeshika kichwa. Swa ukiikata ni sw. Na swe ukiikata ni nini?

Erasto alijaribu kazi yake kwenye kivinjari chake, kile kinachogeuza. Kiswahili kikatokea, kizuri, kimenyooka. Akafunga kompyuta akaenda zake. Lakini simu nyingi za Tusemezane, pamoja na simu ya Nyamizi, zilitumia kivinjari kiitwacho Mbayuwayu. Na Mbayuwayu hakuwa mtu wa kugeuza.

Haya. Nyamizi akafungua video. Akabonyeza kitufe cha manukuu, na kitufe kilikuwa kimoja tu, washa au zima. Akawasha. Akamwona mwenyekiti ndani ya suti anapanua mdomo, na chini yake maneno yanapita. Akasoma. Akarudia kusoma. Aliona herufi zenye vitone kichwani, aliona a imevishwa duara. Neno moja lilijirudia, akalinakili kiganjani kwa kalamu: lördag. Kwa kuwa lilikuja na uzito, na mwenyekiti kila lilipopita alinyoosha kidole juu, Nyamizi akaamua kwamba hilo ni jina la mtu. Bwana Lördag. Bila shaka ndiye mgeni rasmi atakayekuja kufungua soko. Akamwambia kwa mikono dada yake Kalunde, ambaye anasikia lakini hakuiona video: wanangoja mheshimiwa mmoja, tutaitwa akishafika.

Msicheke! Nani amecheka? Lördag ni Jumamosi. Mwanamke wa watu aliandika siku yake kwenye kiganja chake mwenyewe, akatembea nayo nyumbani, akapikia nayo ugali, na hakuna aliyemwambia.

Jumamosi ikaja. Wenye vizimba wakasimama, kila mmoja mbele ya chake, wakakabidhiwa funguo. Mwenyekiti akafika kwenye kona, karibu na mlango wa nyuma. Hapana mtu. Akasema, "Hapa palikuwa pa nani?" Wakamwambia, "Pa Nyamizi wa kisamvu." Akasema, "Hajatokea." Wakasema, "Hajatokea." Akaandika jina la mwingine, muuza makava ya simu, akaenda zake kunywa soda.

Nyamizi alipoona majirani wanapita na mizigo kichwani, naye akajitwika kinu, akaja. Akakuta kona yake imening'inizwa makava ya simu, mekundu, ya kijani, yenye picha za wachezaji mpira. Akatua kinu chini. Hakulia. Alisimama akimtazama muuza makava, na muuza makava, maskini, alionyesha ufunguo wake, maana naye alipewa kihalali na mtaji wake wote ameshaumwaga pale.

Kalunde ndiye aliyepiga kelele. Alipiga kelele mpaka soko likafungwa na watu wakakusanyika uwanjani. Kwa sababu soko la Tusemezane lilikuwa na desturi ya tangu enzi za mabibi: aliyemwaga mzigo wa mwenzake humwachia kivuli chake. Yeye hutoka akakaa juani, mwenye mzigo hukaa mahali pake mpaka apate pengine. Hakuna kesi, hakuna wakili. Unatoka, unampisha. Watu wakasema: "Mzigo wa Nyamizi umemwagwa. Aliyeumwaga ajitokeze."

Basi watu wote wakatazamana kama walioulizwa nani kala mnofu wa mgeni.

Mwenyekiti Lubango akatangulia. "Ndugu zangu, mimi nimekosa nini? Nilitangaza. Sikutangaza kwa wenye masikio peke yao, nilitoa agizo manukuu yawekwe. Sheria ya Jumamosi niliisoma wazi, na ningemwachia Bi Nyamizi kizimba bila yeye kuja, kesho kila mtu angeniambia: na mimi sikuelewa. Manukuu yalikosewa? Mimi si fundi. Muulizeni aliyeandika."

Watu wakasema, "Kweli." Na kinu kiko kimya.

Hidaya akasimama kwa hasira. "Mniulize mimi? Fungueni utepe wangu msome. Kama kuna neno moja la mwenyekiti limepungua, nitatoka nikakae juani leo hii. Niliyafungia ndani ya faili kwa sababu zamani nilikuwa nayaweka pembeni, watu wakitumiana video wanayaacha nyuma, viziwi wanabaki na picha ya bubu. Niliandika Kiswahili, jina lote, kwa herufi za kila mtu kusoma. Alama nikaweka iliyo sahihi. Kama mlinitaka niwanyime wageni nafasi ya mbele, mngesema. Nyumbani kwetu hatufanyi hivyo. Muulizeni aliyechagua utepe."

Bibi mmoja muuza nyanya akadakia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Ila huyu mwenyeji hajapona, mwanangu."

"Najua, bibi," Hidaya akajibu, na sauti ikampungua.

Erasto naye akasimama. "Dada Hidaya anasema ameandika jina lote. Kweli ameandika. Lakini mimi sikuliona! Kivinjari cha Mbayuwayu kilinipa herufi tatu basi, jina kikabaki nalo. Ningepewa jina ningekata herufi za nini? Ningesoma Kiswahili nikaonyesha Kiswahili. Nimepewa dirisha dogo, nimeona kidogo. Niliyekosa ni mimi, au aliyeziba dirisha? Muulizeni mwenye Mbayuwayu."

Na mwenye Mbayuwayu alikuwapo, tusiseme amesingiziwa akiwa mbali. Kampuni yake ilikuwa na duka la vioo mbele kabisa ya soko, na fundi wake aliitwa Bwana Danstan, mtu mtaratibu, shati limepigwa pasi.

"Wakubwa, shikamooni," akasema. "Kivinjari ni tarishi. Tarishi hafungui bahasha ya mtu akaandika upya anwani. Watu huweka alama ovyo ndani ya mafaili yao, nimeona faili limeandikwa Kiarabu na maneno ni Kireno. Nikianza kugeuza na kusahihisha, siku nitakapogeuza vibaya nitakuwa nimesema uongo kwa kinywa cha mtu mwingine. Nilikuta swe, nikasema swe. Nilikuta swa, nikasema swa. Ni zipi kati ya hizo nilizozikosea? Aliyekata herufi ni Bwana Erasto. Mimi sikumpa mkasi."

"Na jina?" Kalunde akauliza. "Kaka, jina mlilificha kwa nini?"

"Hatukulificha, dada. Toleo lile lilikuwa bado halijaanza kulitoa. Jambo liko kwenye majadiliano."

"Majadiliano ya tangu lini?"

Bwana Danstan akarekebisha mkono wa shati lake. "Ni ya muda mrefu kidogo."

Yaani majadiliano! Jina limeandikwa, limo ndani ya sufuria, mwenye kufunua analiona kwa macho yake mawili, na mwenye njaa yuko nje na sahani. Lakini watu wa pale, kwa kuwa alizungumza taratibu na shati lake lilikuwa safi, nao wakasema, "Kweli." Na kinu kiko kimya.

Ndipo mwenyekiti, alipoona kila mtu ametoka salama, akageuka kwa Nyamizi mwenyewe. Nisikilizeni vizuri hapa. Akamwambia Kalunde, "Mwulize dada yako. Aliona maneno asiyoyaelewa. Mbona hakuja kuuliza? Nyumba yake na ofisi yangu haziko mbali. Aliyenyamaza naye si ana sehemu yake?"

Kuna waliotikisa kichwa wakakubali. Mimi nawajua kwa majina, na sitayataja kwa heshima ya mama zao.

Kalunde akageuza swali kwa mikono. Nyamizi akalitazama mpaka mwisho. Halafu akajibu, na Kalunde akawa anasema kwa sauti nyuma yake.

"Shuleni mwalimu alisoma insha yangu mbele ya darasa ili watu wacheke. Lugha yangu ni ya mikono, Kiswahili nimejifunza kwa macho, na kila niliyemwandikia ujumbe amenirudishia na kusema kibovu. Bwana Lubango, hata wewe. Niliwahi kukuandikia kuhusu maji ya mfereji, ukanijibu: tumia Kiswahili fasaha. Nilipoona maneno yale yenye vitone, nilidhani ndicho hicho. Nilidhani ndicho Kiswahili fasaha, na mimi ndiye sijui. Nije kuuliza nini? Nije mnicheke tena?"

Bibi wa nyanya akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Nyamizi hakumaliza. Akainama, akachukua mchi, akapiga kinu kitupu. Du!

Kila mtu akageuka. Wa mbali wakageuka, muuza makava kule konani akatoa kichwa, hata mbwa wa buchani akainua masikio. Nyamizi akauweka mchi chini, akasema kwa mikono, na Kalunde akamfuata kwa sauti.

"Mmeona mnavyogeuka? Miaka yote nawaita kwa masikio yenu, na mimi mwenyewe sisikii ninavyowaita. Sijawahi kuwadai mfanane na mimi. Ninyi mmetakiwa kuniita kwa macho yangu siku moja tu. Siku moja. Mkanipa Bwana Lördag."

Watu wakatafuta pa kutazama. Muuza nazi mmoja akasema kwa hasira, "Mwenyekiti atoke! Alisimama mbele ya kona tupu, akauliza pa nani, akaambiwa pa Nyamizi. Alijua ni kiziwi. Angemtuma mtu hata wa kumvuta mkono."

Mwingine akadakia, "Na mwenyekiti akitoka, kesho tangazo lingine likipita kwenye skripti ileile, nani ataitwa? Erasto atoke! Kujaribu kazi ya viziwi kwenye simu yako wewe mwenye masikio, ndiyo kujaribu gani?"

"Erasto amekata alichopewa," akasema wa tatu. "Atoke mwenye Mbayuwayu. Jina analo, amelikalia. Huyo ana mlango wa kila simu ya mji huu."

Naye bibi wa nyanya, taratibu, bila kumtazama Hidaya, akasema, "Angeanza na mwenyeji, hata mkasi wa Erasto ungeangukia Kiswahili. Mwanangu huyu nampenda, lakini tangazo lilikuwa la nani, la wageni au la wenye vizimba?"

Wakabishana. Jua likapanda likawakuta wanabishana. Erasto akasema kosa ni la herufi moja ya tatu, Bwana Danstan akasema kosa ni la aliyeitupa, Hidaya akasema hakuitupa yeye, mwenyekiti akasema yeye hata hakujua kwamba herufi zipo. Kila mmoja alishika kipande chake kidogo cha haki, kisafi kabisa, akakionyesha watu. Na vyote vikiunganishwa, vinakuwa mwanamke amesimama juani na kinu kitupu.

Mwenyekiti ana ofisi yenye feni. Hidaya ana duka la kuchapa. Erasto ana chumba cha kompyuta. Bwana Danstan ana duka la vioo mbele ya soko. Sehemu nne zenye kivuli, na desturi inadai mmoja tu atoke.

Sasa ninyi mlionisikiliza, lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili. Mahali pa kuuzia sokoni ni kizimba, na mahali pa mshitakiwa kusimama mbele ya hakimu ni kizimba. Kile cha kwanza, cha Nyamizi, kilipata mtu siku ileile ya Jumamosi, upesi, bila ubishi, bila majadiliano ya muda mrefu kidogo. Hiki cha pili hadi leo kiko wazi, na wanne wanapishana mlangoni kwa adabu, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia wewe.

Nyamizi bado amesimama, na jua la Tusemezane ni kali. Je, aingie nani?